Python Mbili Katika Kompyuta Moja: Chanzo cha Kosa la Kutoonekana kwa Vifurushi na Namna ya Kuliondoa

UTANGULIZI

Miongoni mwa makosa yanayowakabili watu wanaoanza kujifunza lugha ya kompyuta iitwayo Python, liko moja ambalo kwa sura yake laonekana dogo, lakini kwa taabu yake limewavunja moyo wengi. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyeagizwa kukokotoa wastani wa vipimo vya maabara na kuchora grafu yake. Amesakinisha kifurushi cha NumPy kwa njia ya intaneti, na kompyuta imemjibu kwamba kazi imekamilika salama. Kisha anaiendesha programu yake, na papo hapo kompyuta inamwandikia hivi:

ModuleNotFoundError: No module named 'numpy'

Maana ya maneno hayo ni kwamba hakuna moduli yenye jina la numpy. Mwanafunzi anashangaa. Dakika chache zilizopita kompyuta hii hii ilikiri kwamba imekipokea kifurushi; sasa inakikana. Anajaribu kukisakinisha mara ya pili, na safari hii anaambiwa kwamba kifurushi kimekwisha kuwapo, wala hakuna haja ya kukisakinisha tena. Anaendesha programu yake: kosa ni lile lile.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kompyuta haikusema uongo katika kauli yoyote kati ya hizo mbili. Ni kweli kwamba kifurushi kipo, na ni kweli pia kwamba hakionekani. Kauli hizo zinapatana mara tu tunapotambua kwamba zimetolewa na Python mbili tofauti, zilizomo ndani ya kompyuta moja na kuitwa kwa jina moja. Kwa hiyo, kabla ya kusakinisha chochote tena, hapana budi mtu ajiulize swali moja: ni Python ipi inayozungumza nami sasa hivi?

Swali hilo lina thamani katika shule zetu. Mwalimu asiyejua chanzo cha kosa humshauri mwanafunzi asakinishe tena na tena, na baadhi ya majaribio hayo hulipiwa intaneti. Katika Windows au Linux, NumPy peke yake huzidi megabaiti 10, na vifurushi vingine ni vizito kuliko hicho. Baya zaidi ni kwamba wako watu ambao, kwa kukata tamaa, huanza kufuta kila kitu chenye jina la Python, na hatimaye kompyuta nzima hushindwa kufanya kazi zake za kawaida. Jinsi jambo hilo linavyotokea tutaeleza mbele.

PYTHON NA MASKANI YA VIFURUSHI

Lugha ya Python ilianza kubuniwa na Guido van Rossum mwishoni mwa mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta iitwayo CWI, mjini Amsterdam, Uholanzi. Toleo la kwanza lilitolewa kwa umma mwaka 1991. Toleo la 2.0 lilifuata mwaka 2000, na toleo la 3.0 mwezi wa Desemba 2008. Toleo hili la tatu halikupatana kikamilifu na lile la pili, kwa hiyo programu nyingi zilizoandikwa kwa toleo la pili hazikuweza kuendeshwa na toleo la tatu bila kurekebishwa. Kwa sababu hiyo matoleo hayo mawili yaliishi bega kwa bega kwa zaidi ya miaka 10, hata huduma ya toleo la pili ilipokomeshwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Tangu zamani, basi, imekuwa ni jambo la kawaida kukuta Python zaidi ya moja katika kompyuta moja.

Tunaposema kwamba kompyuta “ina Python”, maana yetu ni kwamba ina programu inayosoma maandishi ya lugha hiyo na kuyatekeleza. Programu hiyo tutaiita mkalimani, kwa kuwa husimama kati ya mtu na mashine. Mkalimani huyu ni faili la kawaida lililowekwa mahali fulani katika diski. Katika Windows jina lake ni python.exe, na katika Linux aghalabu huitwa python3.

Mkalimani huja na maktaba yake ya kawaida, yenye moduli kama vile math, random na statistics. Hizo hazihitaji kusakinishwa. Lakini viko vifurushi vingine vingi vilivyotengenezwa na watu mbalimbali ulimwenguni na kuhifadhiwa katika ghala la umma liitwalo PyPI, lililoanzishwa mwaka 2003. Kazi ya kuvitoa ghalani na kuvileta katika kompyuta hufanywa na programu iitwayo pip, ambayo ilianzishwa na Ian Bicking mwaka 2008. Twaweza kusema kwamba pip ni tarishi.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Watu wengi hudhani kwamba pip hukiweka kifurushi “ndani ya kompyuta”, na kwamba tangu hapo kila Python itakiona. Sivyo. Tarishi huyu hukiweka kifurushi katika folda ya mkalimani mmoja tu, folda ambayo kwa kawaida huitwa site-packages. Kila mkalimani ana folda yake, wala haangalii folda ya mwenziwe.

Hebu tufikiri juu ya mtaa wenye watu wawili ambao ni wajina, kila mmoja akiitwa Juma, na kila mmoja akiwa na stoo yake na ufunguo wake. Tarishi amekuja na mzigo ulioandikwa “Juma” tu, naye ameupeleka kwa Juma wa nyumba ya kwanza. Ukienda kumwuliza Juma wa nyumba ya tatu habari za mzigo huo, atakuapia kwamba hajauona, naye atakuwa amesema kweli. Kumtuma tarishi mara ya pili kwa anwani ile ile hakutasaidia kitu. Kinachotakiwa ni kuandika anwani kamili.

Yamkini msomaji atauliza: kwa nini wakalimani hawa wasishirikiane stoo moja? Sababu ni kwamba vifurushi vingi, hasa vya hesabu kama NumPy, vina sehemu zilizokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine kwa ajili ya toleo maalumu la Python. Ukiifungua folda ya kifurushi cha namna hiyo utakuta mafaili ambayo majina yao yana alama kama cp311 au cpython-311, maana yake ni kwamba yametengenezwa kwa Python 3.11. Python 3.8 haiwezi kuyatumia. Kwa hiyo kutenganisha stoo kunamkinga kila mkalimani asipokee vitu asivyoweza kuvitumia. Kwa sababu hiyo hiyo, kunakili folda ya kifurushi kutoka Python moja na kuibandika katika Python nyingine si tiba, ijapokuwa kwa vifurushi vichache vyepesi yaweza kuonekana kana kwamba imefaulu.

KWA NINI PYTHON HUZIDI MOJA

Mtu aweza kusema, “Mimi nilisakinisha Python mara moja tu, hiyo ya pili imetoka wapi?” Njia za kuingia ni nyingi, nazo kubwa ni hizi zifuatazo.

Kwanza, mifumo endeshi mingi ya Linux, kama vile Ubuntu na Debian, huja na Python yake tangu siku ya kwanza, kwa sababu baadhi ya zana za mfumo wenyewe zimeandikwa kwa lugha hiyo.

Pili, katika Windows, mtu akisakinisha toleo jipya, kwa mfano 3.12, toleo la zamani kama 3.8 haliondoki. Kila moja hukaa katika folda yake. Jambo hili huonekana sana katika kompyuta kuukuu, kwa vile waandaaji wa Python waliacha kuihudumia Windows 7 kuanzia toleo la 3.9, na hivyo 3.8 ndiyo ya mwisho iliyokusudiwa kufanya kazi humo. Kompyuta ikipandishwa baadaye hadi Windows 10, Python ile ya zamani yaweza kubaki. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2019 Windows 10 yenyewe imeliweka jina la “python” linalomfungulia mtumiaji duka la programu la Microsoft, hata kama hajasakinisha Python yoyote.

Tatu, mkusanyo wa Anaconda, ulioanza kutolewa mwaka 2012 na kupendwa sana na watu wa takwimu, huja na Python yake pamoja na mamia ya vifurushi.

Nne, baadhi ya programu za kuandikia huja na Python yao ndani. Mfano mzuri ni Thonny, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Tartu, nchini Estonia, kwa ajili ya wanaoanza kujifunza. Mwanafunzi akisakinisha kifurushi kwa kuandika amri ya pip katika dirisha la amri, kisha akaendesha programu yake katika Thonny, yaelekea atapata kosa lile lile tuliloanza nalo, kwa kuwa ametumia Python mbili bila ya kujua.

ORODHA MBILI ZA KUTAFUTIA

Ili tuweze kulitatua tatizo kwa akili badala ya kubahatisha, inafaa tuzifahamu orodha mbili ambazo kompyuta huzifuata.

Orodha ya kwanza huitwa PATH, nayo ni mali ya mfumo endeshi. Ni orodha ya folda. Unapoandika neno python au pip katika dirisha la amri, mfumo endeshi huzipitia folda hizo moja baada ya nyingine, na faili la kwanza lenye jina hilo ndilo linaloendeshwa. Yaliyo nyuma yake hayaangaliwi kabisa. Ikumbukwe kwamba neno python na neno pip hutafutwa kila moja kwa nafasi yake. Basi yawezekana kabisa kwamba python iliyopatikana kwanza ni ya toleo la 3.8, na pip iliyopatikana kwanza ni ya toleo la 3.12. Hiyo ndiyo tarishi wa Juma mmoja kumhudumia Juma mwingine.

Orodha ya pili huitwa sys.path, nayo ni mali ya mkalimani mwenyewe. Mkalimani anapokuta amri ya import, yaani amri ya kuita moduli, hutafuta katika folda zilizomo katika orodha hii kwa mpangilio wake. Kwanza huangalia folda ilimo programu inayoendeshwa, kisha maktaba ya kawaida, na baadaye site-packages yake. Asipokuta kitu, hutoa lile kosa la ModuleNotFoundError. Jina hilo la kosa liliingizwa katika toleo la 3.6 mwaka 2016. Kabla ya hapo kosa hilo lilijulikana kwa jina la jumla la ImportError.

UCHUNGUZI

Tabibu mwema hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Vivyo hivyo, hapa ziko hatua tatu za kupima.

Hatua ya kwanza ni kumwuliza mkalimani anayelalamika aeleze ni nani na yuko wapi. Mwanafunzi aandike mistari hii mwanzoni kabisa mwa programu yenye kosa, na aiendeshe mahali pale pale anapopatia kosa, si pengine:

import sys
print(sys.executable)
print(sys.version)

Moduli ya sys imo ndani ya kila Python, kwa hiyo mistari hii haishindwi. Jibu lake ni anwani kamili ya mkalimani pamoja na toleo lake. Tuseme jibu ni C:\Python38\python.exe, toleo la 3.8.

Hatua ya pili ni kumwuliza tarishi anamtumikia nani. Katika dirisha la amri tuandike:

pip --version

Jibu huwa na sura kama hii:

pip 24.0 from C:\Python312\Lib\site-packages\pip (python 3.12)

Tukilinganisha majibu haya mawili, fumbo limefumbuka. Programu inaendeshwa na Python 3.8, lakini pip inapeleka vifurushi katika stoo ya Python 3.12. Hakuna haja ya kukisia tena.

Hatua ya tatu, ambayo hufaa iwapo mtu anataka kuwajua wakalimani wengine waliomo, ni kuomba orodha yao. Katika Windows amri ni where python, au py -0p pale ambapo kizinduzi kiitwacho py kimesakinishwa. Katika Linux amri ni which -a python3. Usishangae ukikuta mistari mitatu au minne.

TIBA YA KWANZA: ANWANI KAMILI

Tiba iliyo nyepesi ni kuacha kumwita tarishi kwa jina lake tupu, na badala yake kumwagiza mkalimani tunayemtaka amtume tarishi wake mwenyewe. Amri yake ni hii:

python -m pip install numpy

Alama ya -m humwambia mkalimani aiendeshe pip iliyo yake. Hapo hapana nafasi ya kupotea, kwa maana yule atakayepokea kifurushi ndiye aliyeagiza. Endapo neno python peke yake linampata mkalimani asiyetakiwa, twaweza kuandika anwani kamili tuliyoipata katika hatua ya kwanza:

C:\Python38\python.exe -m pip install numpy

Katika Windows yenye kizinduzi cha py, yatosha kuandika py -3.8 -m pip install numpy. Kwa watumiaji wa Thonny, njia iliyo nyepesi zaidi ni kusakinisha kwa kupitia orodha ya zana iliyomo ndani ya Thonny yenyewe, ambayo humfikia mkalimani anayetumika humo.

Mwalimu akiwazoesha wanafunzi wake kuandika python -m pip badala ya pip tangu somo la kwanza, atakuwa amewaepusha na sehemu kubwa ya tatizo hili.

TIBA YA PILI: MAZINGIRA PEPE

Tiba ya kwanza inatosha kwa kazi moja. Lakini iko shida nyingine ambayo haiwezi kuiondoa. Stoo moja ya site-packages haiwezi kushika matoleo mawili ya kifurushi kimoja kwa wakati mmoja. Iwapo kazi ya mwaka jana iliandikwa kwa toleo la zamani la kifurushi fulani, na kazi ya mwaka huu inadai toleo jipya, kusakinisha jipya kutalifuta la zamani, na kazi ya mwaka jana yaweza kuharibika.

Dawa yake ni kuipa kila kazi stoo yake. Stoo hiyo huitwa mazingira pepe, na zana ya kuitengenezea, iitwayo venv, imekuwamo ndani ya Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Mtu huingia katika folda ya kazi yake na kuandika:

python -m venv mazingira

Katika Linux huandikwa python3 mahali pa python. Na katika Debian na Ubuntu huenda ikahitajika kwanza kusakinisha kifurushi cha mfumo kiitwacho python3-venv. Amri hii huunda folda yenye jina la mazingira, ambayo ndani yake mna njia ya kumfikia mkalimani, pip yake, na site-packages iliyo tupu. Kisha mazingira huamshwa, katika Windows kwa amri:

mazingira\Scripts\activate

na katika Linux kwa amri:

source mazingira/bin/activate

Msomaji asidhani kwamba kuna uchawi hapa. Kazi kubwa ya kuamsha ni kuitanguliza folda ya mazingira katika orodha ya PATH, ili maneno python na pip yaipate kwanza hiyo. Ndiyo maana tulianza kwa kuieleza orodha hiyo. Na kwa kuwa ni hivyo, mtu aweza hata kuacha kuamsha, akamwita mkalimani moja kwa moja kwa anwani yake, yaani mazingira\Scripts\python.exe. Njia hii husaidia pale ambapo ulinzi wa Windows unakataza faili la kuamshia lisiendeshwe.

Mazingira pepe hayafai kuhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, kwa sababu yameandikwa ndani yake anwani za mahali yalipozaliwa. Kinachohamishwa ni orodha ya mahitaji. Orodha hiyo huandikwa kwa amri:

python -m pip freeze > mahitaji.txt

na katika kompyuta ya pili, ndani ya mazingira mapya, husomwa kwa amri:

python -m pip install -r mahitaji.txt

Faida yake kwa sayansi ni kubwa. Mtafiti anayetoa matokeo yake pamoja na orodha ya mahitaji huwawezesha wenzake kuyarudia mahesabu yale yale kwa vifaa vile vile. Matokeo yasiyoweza kurudiwa na mtu mwingine hayawezi kuthibitishwa.

SHULE YENYE INTANETI HABA

Pale ambapo intaneti ni ghali au ni ya kusuasua, si lazima kila kompyuta ipakue kifurushi chake. Kompyuta moja yaweza kupakua kwa niaba ya nyingine:

python -m pip download numpy -d vifurushi

Folda ya vifurushi hunakiliwa katika diski ndogo ya mkononi, na katika kila kompyuta nyingine huandikwa:

python -m pip install --no-index --find-links vifurushi numpy

Hapa pana sharti moja lisilosahaulika: mifumo endeshi na matoleo ya Python katika kompyuta hizo yalingane. Kifurushi kilichopakuliwa na Python 3.12 ya Windows hakitapokelewa na Python 3.8, wala na Linux. Kwa hiyo ni busara shule ikachagua toleo moja na kulitumia katika kompyuta zake zote.

MAKOSA YANAYOFANANA NA HILI

Si kila kifurushi kisichoonekana kimepotelea kwa wajina. Ziko sababu nyingine mbili ambazo yafaa zitofautishwe.

Ya kwanza ni kwamba jina la kusakinishia na jina la kuitia si lazima yawe mamoja. Kifurushi kisakinishwacho kwa jina la scikit-learn huitwa katika programu kwa jina la sklearn. Pillow huitwa PIL. Opencv-python huitwa cv2. Mtu akiandika import pillow atapata kosa hata kama kila kitu kiko mahali pake.

Ya pili ni mwanafunzi kulipa faili lake mwenyewe jina la moduli. Kwa mfano, anaandika programu ya kuchora kwa kutumia moduli ya turtle, kisha anaihifadhi kwa jina la turtle.py. Kama tulivyoona, folda ya programu ndiyo hutazamwa kwanza katika sys.path. Basi programu inapoita turtle, inajiita yenyewe. Kosa linalotokea kwa kawaida husema kwamba moduli haina kitu kilichotakiwa, wala halisemi kwamba moduli haipo. Dawa yake ni kubadili jina la faili tu.

TAHADHARI JUU YA PYTHON YA MFUMO

Tulisema hapo mwanzo kwamba kufuta Python ovyo ni hatari. Mfano ulio wazi ni mfumo wa CentOS 7, ambao huduma yake ilikoma mwaka 2024. Zana yake ya kusakinishia programu, iitwayo yum, iliandikwa kwa Python 2. Mtu aliyelielekeza jina la python la mfumo huo kwenye Python 3 alikuta kwamba yum imekufa, na zana ambayo ingemsaidia kurekebisha mambo ndiyo hiyo hiyo iliyoharibika.

Kwa ajili ya kuzuia madhara ya namna hiyo, Debian 12 na Ubuntu 23.04, zote za mwaka 2023, zilianza kukataa pip isiweke vifurushi katika Python ya mfumo. Anayejaribu huonyeshwa ujumbe wenye maneno externally-managed-environment, maana yake ni kwamba stoo hii ina msimamizi mwingine. Iko njia ya kuulazimisha mfumo ukubali, lakini jina la chaguo lenyewe, --break-system-packages, linatamka wazi kwamba ni la kuuvunja mfumo. Anayeuona ujumbe huo asitafute nguvu. Atengeneze mazingira pepe, na kazi yake itaendelea.

JARIBIO LA DARASANI

Njia bora ya kulielewa kosa ni kulitengeneza kwa makusudi. Mwalimu awaagize wanafunzi waunde mazingira mawili, moja liitwe juma1 na la pili juma2. Wasakinishe kifurushi kimoja chepesi katika juma1 peke yake. Kisha, kwa kila mazingira, wamwite mkalimani wake kwa anwani kamili na wajibu maswali haya:

1. Je, sys.executable yatoa anwani gani katika kila mazingira?

2. Ni mkalimani yupi anayekubali kukiita kifurushi, na yupi anayekataa?

3. Zichapishwe orodha mbili za sys.path. Zinatofautiana katika mstari upi?

Mwanafunzi aliyejibu maswali hayo matatu kwa mkono wake hatasumbuliwa tena na kosa hili, kwa kuwa ameona kwamba mstari mmoja wa orodha ndio uletao tofauti yote.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kifurushi hakisakinishwi katika kompyuta, bali kwa mkalimani mmoja aliyemo ndani yake. Kwamba wakalimani waweza kuwa wengi wenye jina moja. Na kwamba ujumbe wa kosa hutoka kwa yule ambaye hakupelekewa mzigo. Uchunguzi wake ni mistari mitatu ya programu na amri moja, na tiba yake ni kuagiza kwa anwani kamili au kuipa kila kazi mazingira yake.

Mafunzo ya kompyuta huonekana mara nyingi kuwa ni kukariri amri. Kosa hili ladhihirisha kwamba amri sahihi ikipelekwa mahali pasipo pake haizai kitu. Mwanafunzi ajizoeze kuuliza “wapi” na “nani” kabla ya kutenda. Hata atakapokutana na kosa jingine ambalo halikutajwa katika makala hii, maswali hayo mawili yatamwonyesha pa kuanzia.